Pumzi ya Mzamiaji wa Lulu

Sogeeni, akina mama na akina baba, na nyie vijana mnaojifanya mko kwenye simu kumbe masikio yote yako huku. Haya ninayowasimulia yametokea hapa hapa kwetu Mangere, mji huu wa baridi tuliohamia kutoka visiwani, katika nyumba mnayoijua, kwa watu mnaowapa mkono kila Jumapili. Sitaficha majina. Mwenyewe Tepaeru ameniambia, "Akaiti, sema, tena sema kwa sauti. Mdomo unao." Kweli ninao, na leo nautumia.

Siku yenyewe ilianza vizuri kabisa. Ilikuwa Jumamosi ya baridi, mvua inapiga bati, na sisi tumejifungia ukumbini mwa kanisa tunashona tivaevae, yale mashuka yetu ya mapambo ya kitambaa juu ya kitambaa. Meza zimejaa vitambaa vya rangi, birika linachemka, magimbi na samaki wa tui wamefunikwa pembeni, na vicheko haviishi. Kushona tunashona wote, hata mwenye macho mabovu, lakini kukata ni kazi ya mtu mmoja. Kitambaa kinakunjwa, mkasi unaingia, na ukikosea umekosea, hakuna kuunga. Mkataji wetu ni Tepaeru, mzaliwa wa kisiwa cha Manihiki, mtoto wa mzamiaji na yeye mwenyewe mzamiaji, aliyekuwa akifuata chaza wa lulu chini ya maji kwa pumzi yake tu kabla hajaolewa na kuletwa huku kwenye baridi. Mkono wake ulikuwa haujawahi kutetemeka.

Siku hiyo alikuwa anakata majani ya mshelisheli, kijani juu ya nyeupe. Nikamuuliza, "Shoga, hii ya nani? Mbona hakuna harusi iliyotangazwa?"

"Yangu."

"Yako ya nini tena? Unaolewa upya? Nooroa amekuchosha?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliweka mkasi mezani, akasema, "Ni ya kunifunikia. Siku mkinizika, mnifunike nayo. Nimeona niikate mwenyewe, nyie mtaniharibia."

Jamani, sindano zote zilisimama. Ndipo alipotuambia. Ule upasuaji aliofanyiwa, aliotudanganya kuwa ni wa kivimbe tu, ulikuwa wa saratani ya titi la kushoto. Wameitoa, na sasa madaktari wanataka kumpiga mionzi ili isirudi. "Saratani siiogopi sana," alisema. "Naogopa mionzi. Nyie mnajua ilivyomfanya mama mkwe wangu."

Tulijua. Nani asiyejua? Marehemu Mama Ngapoko, mama yake Nooroa, alipigwa mionzi titi hilo hilo la kushoto, zamani, nikiwa bado msichana wa kiuno chembamba. Saratani ikaisha. Watu wakamshukuru Mungu, wakala, wakaimba. Miaka ikapita, moyo wake ukaanza kuchoka, mara miguu kuvimba, mara hawezi kupanda ngazi za kanisa, mpaka tukamzika. Picha yake iko ukutani kwa Nooroa, imevishwa mashada ya kome, na kila mtoto wa nyumba ile anafundishwa sentensi moja: mionzi ilimla moyo.

Wifi yake Tepaeru alikuwepo pale mezani. Huyo ni Kairangi, dada mkubwa wa Nooroa, kiongozi wetu wa maombi, mwanamke ambaye akisema kaa, hata kiti kinakaa. Alisimama akasema, "Mama yangu walimchoma kifuani kama gimbi kwenye tanuri. Moyo uko hapa, kushoto. Wataupitia wapi wasiuguse?"

Nilimwangalia Tepaeru, nikaona mkono wake wa kukatia unatetemeka. Niliogopa, sitasema uongo.

Lakini daktari alikuwa amempangia siku, na siku ikafika. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake, mnajua. Tulikwenda yeye, Nooroa, Kairangi, mimi, na sufuria ya kuku. Mtaalamu wa mionzi alikuwa binti wa Kisamoa aitwaye Losa. Alitutazama akauliza, "Mgonjwa ni nani kati yenu, au mmekuja wote kutibiwa?" Nikampenda papo hapo.

Losa alieleza vizuri, hata mimi nikaelewa. Alisema moyo umelala nyuma ya titi la kushoto, karibu na mbavu. Lakini mtu akivuta pumzi akajaza kifua na kuibana, mapafu yanavimba na moyo unasogea, unaachana na ukuta wa kifua. Hapo ndipo mashine inapiga. Akiachia pumzi, mashine inazimwa. "Zamani hatukuwa na njia hii," alisema. "Ndiyo maana wagonjwa wengine wa zamani waliumia moyo miaka mingi baadaye. Sasa, mama, moyo wako tutaulinda kwa pumzi yako mwenyewe."

Tepaeru, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi, alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Binti," alisema, "mimi unifundishe kubana pumzi? Mimi wa Manihiki? Wewe washa mashine yako, nenda kanywe chai, ukirudi utanikuta bado nimebana."

Nooroa naye kichwa kikavimba. Alimwambia kila aliyekuwa kwenye benchi kwamba mkewe ni mzamiaji. Mzee mmoja wa Kizungu asiyejua habari akampa pongezi. Tulikula kuku wetu tukiwa na furaha, hofu tumeiweka chini ya kiti.

Sasa sikilizeni palipoharibika. Siku ya kumpima na kupanga mionzi, Tepaeru aliingia na Kairangi tu. Mimi sikuwepo, haya alinisimulia baadaye. Losa alimlaza, mikono juu ya kichwa, akamwonyesha kioo kidogo chenye mstari na kisanduku cha kijani. Ukivuta pumzi mstari unapanda, na kazi yako ni kuuweka ndani ya kisanduku utulie humo. Tepaeru akavuta pumzi ya kuzamia, ile ya kujaza mpaka shingoni, mgongo ukanyanyuka mezani.

"Hapana, mama," Losa akamwambia. "Humu hakuna lulu. Vuta ya kujaza kifua, ukiwa starehe, halafu tulia. Sitaki pumzi kubwa. Nataka pumzi ile ile, leo na kesho na keshokutwa."

Wakarudia mara kadhaa, mpaka ikakaa sawa. Halafu Losa akamuuliza swali analomuuliza kila mtu. "Mama, unavuta sigara? Nauliza kwa sababu moshi na mionzi vikikutana kwenye kifua kimoja, moyo na mapafu vinaumia zaidi, na kuumia kwenyewe kunakuja baadaye sana, mtu ameshasahau."

Kabla Tepaeru hajafungua mdomo, Kairangi akadakia, "Huyu? Sigara? Sisi nyumba ya kanisa, binti. Uliza mengine."

Losa akasubiri. Tepaeru akatazama sakafu, akasema, "Sivuti."

Uongo mtupu. Alikuwa akivuta tangu ujana wake, sigara za kusokota, na mumewe ndiye mwenzake. Walikuwa wakijifungia chumbani kwao, halafu wanatafuna pipi za mnanaa kabla ya ibada. Kairangi hakujua, au alikuwa hataki kujua, maana pua anayo. Wenzangu, wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Wangejua kuna na mficha sigara, wangemtaja.

Mionzi ikaanza. Siku za mwanzo zikaenda. Halafu kifua kikaanza kumkereketa. Alikuwa amelala chini ya mashine, mikono juu, chumba cha baridi, peke yake, maana mashine ikifanya kazi hakuna mwingine anayebaki mle ndani. Sauti ya Losa kwenye spika ikasema, "Vuta pumzi. Bana." Akavuta, akabana, na kikohozi kikaja. Mstari ukaanguka, mashine ikajizima yenyewe. Wakajaribu tena, kikohozi tena. Yeye akili ikamwambia, jaza zaidi, ukijaza zaidi kikohozi hakitapata nafasi. Akavuta ile ya Manihiki.

"Juu mno, mama. Shusha kidogo."

Akashusha, kikohozi kikaja. Kila mashine ilipozima, yeye alikuwa akijiuliza imeshapiga wapi. Mashine haipigi mstari ukitoka, Losa alikuwa amemweleza, lakini mwoga hana masikio. Aliniambia, "Akaiti, niliusikia moyo wangu ukigonga mbavu kama mtu aliyefungiwa ndani. Nikasema ndiyo huu, unaungua. Chini ya maji sijawahi kuogopa hivyo, hata siku niliyokutana na papa."

Siku hiyo walimshusha mezani bila kumaliza. Daktari akaja, akasema kwa upole kwamba pumzi isipokaa watalazimika kupanga upya, na kwa mpango mwingine moyo unaweza kupata mionzi zaidi kidogo. Alisema kidogo. Lakini lile neno lilipofika nyumbani kwa Nooroa, kwenye ngazi ya kwanza tu, lilikuwa limeshakuwa mlima.

Wakaita kikao cha ukoo. Mnajua vikao vyetu: sala ndefu, chai, halafu mkubwa anasema na wengine wanasema amina. Kairangi alisimama chini ya picha ya mama yake akasema, "Nimemzika mmoja. Sitazika wa pili kwa mashine ile ile. Tepaeru haendi tena." Amina zikamiminika. Nooroa akainamisha kichwa. Na Tepaeru mwenyewe, aliyekuwa amebeba moyo unaozungumziwa, hakuulizwa. Baadaye nilimuuliza ulijisikiaje. Akaniambia, "Nilifurahi, shoga. Halafu nikakumbuka saratani."

Mimi nilijua Jumamosi, alipokosekana ukumbini. Nikamuuliza Kairangi, akajibu, "Anapumzika." Anapumzika! Katikati ya matibabu? Nikaweka sindano chini, nikachukua mwavuli na bakuli la majani ya magimbi niliyopika kwa tui, nikaenda. Sikupiga hodi ya pili.

Kwanza nilipigwa na harufu. Madirisha yamefungwa yote kwa ajili ya baridi, hita ya umeme inavuma, na moshi umetanda sebuleni mpaka picha ya Mama Ngapoko huioni vizuri. Tepaeru alikuwa kwenye kochi, mkono wa kushoto umelazwa juu ya mito kana kwamba ni mtoto mchanga. Nooroa amekaa pembeni yake, anasokota sigara. Akaimaliza, akaiwasha, akamwekea mkewe mdomoni.

"Nooroa!" nikasema. "Unamlisha?"

Akaruka. "Mama Akaiti, karibu. Aah, mkono unamuuma tangu wampasue. Hawezi kusokota."

"Kwa hiyo unamsokotea wewe."

"Nifanyeje? Nimnyime na hii? Kila kitu namfanyia, hata kitana simwachii ashike. Ndiyo raha yake iliyobaki." Na mwanaume mzima yule machozi yakamtoka. Alikuwa anampenda, jamani. Msidhani nasimulia habari za mtu mbaya.

Nikamgeukia Tepaeru. "Nyanyua huo mkono."

Akajaribu, ukagoma usawa wa bega. Tangu aliposhushwa mezani pale hakuunyanyua hata mara moja, maana kila akitaka kitu kuna mtu ameshamletea. Bega limeganda. Na mionzi ile, nawakumbusha, huipati mpaka mikono iwe juu ya kichwa.

"Naogopa, Akaiti," alisema, na sigara bado iko mdomoni. "Nikienda, moyo utaungua. Nisipoenda, saratani itarudi. Niambie nife na ipi."

Kabla sijajibu, mlango ukafunguka, Kairangi huyo. Alikuwa amenifuata. Akasimama kizingitini, akaona moshi, akaona sigara, akaona vidole vya mdogo wake vyenye tumbaku. Akafungua mdomo kukemea. Sikumngoja.

Nilitoa ile sigara mdomoni mwa Tepaeru nikaizamisha kwenye kikombe cha chai. Halafu nikanyoosha kidole ukutani. "Tumseme na huyu pale."

"Usimguse mama yangu," Kairangi akasema.

"Simgusi. Nasema kweli. Nilikuwa jirani yake mlango kwa mlango. Asubuhi nilikuwa siangalii saa, nilikuwa naangalia moshi wa sigara yake juu ya ukuta, najua sasa ni wakati wa kuamka. Alivuta kabla ya mionzi, akavuta wakati wa mionzi, akavuta mpaka siku alipolazwa mara ya mwisho. Mionzi ya wakati ule iliufikia moyo wake, sikatai, hawakuwa na hii njia ya pumzi. Lakini moyo ulioguswa ndio unaotaka kuhurumiwa. Sisi tuliuhurumia kwa kitu gani? Kwa moshi. Halafu mmesimulia nusu ya hadithi miaka yote hii, na nusu hiyo sasa inamuua huyu!"

Nilidhani atanipiga. Ninasema kweli, nilirudi nyuma hatua. Lakini Kairangi alikaa chini, pale pale kwenye zulia, mwanamke yule mkubwa, na nguo yake ya kanisani. Akavitazama vidole vya Nooroa.

"Mimi ndiye niliyekuwa namsokotea mama," akasema.

Nooroa akainua kichwa. "Dada?"

"Wewe ulikuwa mdogo. Mkono wake ulivimba baada ya matibabu, vidole havikunjiki. Alikuwa akiniita, 'Kairangi, njoo, wewe ndiye vidole vyangu.' Nami nakimbia. Nasokota vizuri, nyembamba, nawasha, nampa. Wenzangu walikuwa wanacheza nje, mimi nasokota. Nilikuwa najiona mtoto mwema kuliko wote."

Akalia. Kilio chake kilinitisha kuliko hasira yake. Nooroa akafungua kiganja, tumbaku ikamwagika kwenye zulia, hakuna aliyeiokota.

Ndipo Tepaeru akasema, kwa sauti ndogo, "Wifi, nilimdanganya yule binti. Nilisema sivuti. Ulikuwa umesimama pale, nikaona haya."

"Mimi ndiye niliyekujibia," Kairangi akasema. "Piga simu."

Losa hakutukana. Aliposikia, alisema, "Mama, mimi si mchungaji wako. Ungeniambia tu. Njoo kesho, mapema." Daktari, huyo alikunja uso. Alituambia siku za mionzi si siku za kanisa ambazo mtu akikosa hii atakwenda ile, na ikabidi wapige hesabu upya ili kufidia zilizopotea. Tuliitikia "ndiyo, daktari" kama watoto wa shule. Tepaeru alipewa viraka vya kubandika mkononi vya kupunguza hamu ya sigara, akapewa na dawa ya kikohozi, na muuguzi akamwonyesha kupandisha vidole ukutani, kidogo kidogo, kila siku juu zaidi, mpaka bega likakubali. Kairangi alikuwa anamsimamia. "Panda! Bado! Panda!" Masikini, alisimamiwa kuliko mchezaji wa raga.

Lakini pumzi bado. Siku ya kurudi mezani, Tepaeru aliniuma sikio kwenye benchi. "Akaiti, kikohozi kimepungua, ila sijui nivute kiasi gani. Nikiogopa nazamia. Mwili unajua pumzi hiyo tu."

"Uongo," nikamwambia. "Unajua nyingine. Jumapili, sisi tunapoanza wimbo, kabla ya neno la kwanza, unavuta kiasi gani? Unazamia?"

Akanitazama. "Hapana. Ile ni... ile ni ya kuimbia."

"Na ni ile ile kila ubeti, maana ukizidisha sauti yako inatupita na mimi nakukanyaga mguu. Vuta hiyo."

Akaingia. Tukabaki nje, mimi na Nooroa na Kairangi, tunatazama taa nyekundu juu ya mlango. Nilikuwa naomba. Kila kidogo nilikuwa nangoja mlango ufunguliwe watuambie imeshindikana, moyo umeshapata, basi. Nikageuka nikamwona Kairangi amevimba mashavu, uso umekuwa zambarau. "Dada, unafanya nini?" Nooroa akauliza. Hakujibu. Alikuwa anabana pumzi kwa niaba ya wifi yake. Ilibidi nimpige mgongoni ndipo akaachia, na kila mtu kwenye benchi akageuka.

Mlango ukafunguka. Losa akatoka anatabasamu. "Mstari umelala ndani ya kisanduku," alisema. "Haukutikisika."

Hivyo ndivyo alivyomaliza, siku moja hadi nyingine, ubeti mmoja mmoja. Hajarudia sigara. Alijaribiwa, aligombana na watu, alinitupia kiatu mimi mwenyewe, lakini hajarudia. Kila mwaka anapimwa titi na presha, na akisikia mkono unakuwa mzito au bega linakaza, hangoji kikao, anapiga simu. Moyo wake mpaka leo ni mzima. Hofu haijamtoka yote, na mimi nasema afadhali, hofu kidogo inamkumbusha.

Natamani ningeishia hapo, tupige makofi, tule.

Nooroa alitoa sigara ndani ya nyumba siku ile ile. Alifungua madirisha, alifua mapazia, ikawa hata kibiriti hakiingii mlangoni. Tulimsifu. Lakini yeye mwenyewe hakuacha. Alihamia nyuma ya gereji, kando ya mapipa ya taka, mvua jua. Tepaeru alimwomba, alimlilia. Kairangi alifunga na kumwombea. Mimi nilimtukana. Majibu yake yalikuwa yale yale, anacheka, "Nyie wanawake, mimi sina saratani. Mimi sikupigwa mionzi. Moyo wangu nani ameugusa?"

Majira ya baridi ya pili baada ya hapo, tulikuwa tunaandaa karamu ya kukata nywele za kwanza za mjukuu wa Kairangi, kama ilivyo mila yetu. Nooroa alikuwa kwenye tanuri la kuchimbwa ardhini na vijana, anapanga mawe. Alishika kifua, akakaa juu ya gogo, akasema amechoka. Alipofikishwa hospitali walituambia moyo wake ulikuwa umechakaa siku nyingi.

Mionzi haikumgusa Nooroa hata siku moja.

Siku ya kumuaga, jeneza likiwa sebuleni chini ya ile picha, Tepaeru alikwenda chumbani akafungua sanduku. Akaja na ile tivaevae, majani ya mshelisheli, kijani juu ya nyeupe. Tulikuwa tumemaliza kuishona pamoja, na hakuna aliyekuwa akithubutu kuitaja. Akaishika pembe mbili, akanyanyua mikono yote, wa kulia na wa kushoto, juu kabisa ya kichwa, akaitandaza juu ya mumewe. Halafu akaniambia, "Akaiti, niliikata kwa kipimo changu. Ona, inamfupikia miguuni."

Tulimfunika miguu kwa khanga ya Kairangi.

FUNZO

Ndugu zangu, funzo la habari hii ni kwamba mionzi ya saratani ya titi ni dawa, na kama dawa nyingine kali ina madhara yanayoweza kuja baada ya miaka mingi: moyo, mapafu, bega, mkono. Madhara hayo yanapunguzwa, na kazi ya kuyapunguza si ya mashine peke yake. Ukiambiwa bana pumzi, bana vile ulivyoambiwa, usilete ubingwa. Usikose siku yako. Nyoosha mkono wako hata kama una watumishi kumi. Na sigara, mgonjwa aache, na wa nyumbani waache, si nyuma ya gereji, waache.

Mtu wa hospitali akikuuliza, sema kweli, hata kama wifi yako amesimama hapo. Haya haijawahi kumponya mtu. Na nyie mawifi, mkiona mwenzenu anaulizwa, fungeni midomo yenu mitakatifu, au tokeni nje mkanywe chai.

La mwisho ni kwetu sote tunaopenda. Hakuna aliyemchukia Mama Ngapoko. Hakuna aliyemchukia Tepaeru, wala Nooroa. Hao wanawake wawili walisokotewa kwa mapenzi. Kwa hiyo kabla hujampa mgonjwa wako raha yake, uliza raha hiyo itamfanya nini miaka kumi baadaye. Nasi tuulizane. Mkinikuta mimi nyuma ya gereji, nipokonyeni kibiriti, na nikitukana, msiniachie.